Mstari wa Ukucha

Kila asubuhi, kabla sijaenda kufundisha, nilikaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya shangazi yangu, naye akanitengeneza nywele. Hakutumia kitana kuzigawa. Alitumia ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, alioufuga mrefu na kuupaka rangi nyekundu, na akiushusha kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Kwa ajili hiyo wateja wake walimwita Mama Mistari. Wasusi wengine wa mtaa ule walijaribu kufuga kucha kama yeye, wakaishia kuwakwaruza watu.

"Tulia, Kobe," aliniambia asubuhi hiyo. Aliniita Kobe tangu nikiwa mdogo, kwa sababu mgeni akipiga hodi tu, mimi huingiza kichwa ndani. "Ukitikisika nitakupasulia barabara mpaka shingoni."

Nilitulia. Ukucha ukaanza safari yake, ukafika utosini, ukasimama. Nikasikia kitu kikivunjika, si kwa mlio wa kukatika, bali taratibu, kama biskuti iliyoingia maji. Punje zikanidondokea begani.

Niliziokota kwa ncha ya kidole. Upande mmoja zilikuwa nyekundu kwa rangi. Upande wa pili zilikuwa za manjano, laini, zinasagika kama unga.

"Lete hapa," Shangazi alisema, akazipangusa kwa pindo la aproni. "Ukucha nao umezeeka kama mwenyewe. Geuka."

Nilitaka kumuuliza umekuwa hivyo tangu lini. Nikageuka. Akamalizia mstari kwa kipande kilichobaki. Nilipokuwa natoka nilimwona ameshafungua kichupa cha rangi, anapaka tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepaka chokaa ukuta wenye ufa.

Mimi nafundisha watoto wadogo, wale wa kuimba na kufinyanga udongo. Darasani kwangu walikuwamo pacha wawili wa kike, wasemaji kama redio, waliosukwa na Shangazi tangu nywele zao zilipofaa kushikwa. Siku hiyo nilimwinamia pacha mdogo kumsaidia kuchora nyumba, nikaona kiduara kichwani mwake. Kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda. Nywele zilikuwa zimekatika usawa wa ngozi zikabaki nukta nyeusi, na magamba meupe yametanda juu yake kama majivu. Kilikuwa juu ya mstari. Si pembeni yake, juu yake hasa, pale ukucha wa Shangazi ulipopita.

Nikaenda kwa pacha mkubwa, nikajifanya namrekebishia kibanio. Naye alikuwa nacho, kidogo zaidi, juu ya mstari uleule.

"Ticha, kichwani kwangu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona umenyamaza?"

"Ticha si hunyamaza kila siku," pacha mwenzake akamjibu kwa niaba yangu.

Mwalimu mkuu alikuja, akatazama mara moja tu. "Mapunye," alisema. "Waende zahanati wakapewe dawa ya kumeza. Na umwambie mama yao asihangaike na kupaka. Mapunye ya kichwani yanajificha kwenye shina la unywele, mafuta hayafiki huko." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Anawasuka nani hawa?"

"Sijui vizuri," nikasema. Ulimi ulijibu kabla yangu.

Tangu dakika ile kichwa changu kikaanza kuwasha. Kiliwasha nikiimba na watoto, kiliwasha nikifuta ubao, kiliwasha njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kumwambia mtu aliyenilea kwamba kidole kinachomlisha, na kilichonilisha mimi, kinawaambukiza watoto. Kila sentensi niliyoitunga njiani ilikuwa na meno.

Nilipofika saluni nikamkuta anasuka, mteja amelala shingo upande. Saluni yetu ni chumba cha mbele cha nyumba: kioo kimoja, viti viwili, rafu ya mafuta, na pazia linaloficha jiko.

"Shangazi," nilisema, "kichwa kinaniwasha. Nisindikize kwa tabibu."

Hakuuliza swali. Alimwambia mteja, "Dada yangu, nusu yako hii tutaimalizia kesho, vaa kitambaa," akavua aproni, akanishika mkono kama mtoto. Mteja alibaki anajitazama kwenye kioo, upande mmoja malkia, upande mmoja kichaka. Nikazidi kujisikia vibaya.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipekua kichwa chote kwa taa ndogo. "Kichwa chako kizima," alisema. "Hapa kuna mba kidogo na hofu nyingi."

Sikuondoka kitini. Niliangalia sakafu, kisha nikaangalia mkono wa Shangazi, nikarudi sakafuni. Tabibu akafuata macho yangu.

"Na wewe mama, kidole hicho kimekuwaje?"

Shangazi alikuwa amekunja ngumi. Akanitazama, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kumbe mgonjwa niliyemsindikiza ni mimi mwenyewe," alisema, akakunjua mkono.

Walimfuta rangi. Walikwangua ukucha, wakatoa na damu ya kupima ini, kwa sababu dawa yenyewe haitolewi hivihivi. Tuliporudi kuchukua majibu, tabibu akatuambia ni fangasi, ini ni zima, na akamwekea Shangazi vidonge mezani.

"Hivi ni vya kumeza?" Shangazi aliuliza.

"Vya kumeza."

"Mwanangu, ugonjwa uko kidoleni. Tumboni dawa inakwenda kutafuta nini?"

Tabibu hakumcheka. "Ukucha unaota kutoka kwenye shina, mama, humu ndani ya nyama. Dawa inapita kwenye damu mpaka shinani. Ukucha mpya unaota msafi, huku unausukuma ule mbovu utoke. Ukipaka juu, unapaka mlango wakati mwizi yuko chumbani. Ila usiwe na haraka, kazi hiyo ni ya wiki nyingi, na usikatishe hata ukiona umepona." Kisha akapunguza sauti, nadhani kwa wema tu, lakini ndiyo iliyotutisha. "Kwa watu wachache dawa hii husumbua ini. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hamu ya kula ikipotea, acha mara moja na uje hapa."

Shangazi alikuwa anaingiza vidonge kwenye pochi. Mkono ukasimama.

Baba yangu aliondoka kwa ini. Alikuwa mdogo wa mwisho wa Shangazi. Walipomleta nyumbani kutoka hospitali, Shangazi alimhamishia kwenye kitanda cha dirishani, na kila asubuhi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamvuta kope ya chini. Mimi nilisimama mlangoni na sare ya shule. "Leo afadhali," Shangazi alimwambia kila siku. Macho ya baba yalikuwa na rangi ya kiini cha yai. Alipozikwa, Shangazi alibeba begi langu la nguo, na tangu hapo tumekuwa wawili.

"Na kama mtoto anayesukwa naye ana mapunye, mnawezaje kujua nani kamwambukiza nani?" nilimuuliza tabibu kwa sauti ndogo.

"Mtoto alimpa yeye au yeye alimpa mtoto, hilo hatutalijua. La muhimu mama aukate ukucha huu, asigawe nywele za mtu kwa mkono huu mpaka apone. Vitana vyote mvioshe kwa dawa."

"Nimekuelewa, daktari," Shangazi alisema, kwa adabu kubwa mno. Ningepaswa kujua hapo hapo. Shangazi akikubali jambo huwa anabisha kwanza.

Hakuukata. Alisema ataukata ule mpya utakapochungulia, na kwamba wateja sasa anawagawa kwa kitana. Mimi nilishinda shuleni, nilimwamini. Nywele zangu nilianza kuzibana mwenyewe, lakini kigoda sikukiacha. Kila asubuhi nilikaa, nikageuka, nikamtazama macho.

"Mbona unanitazama kama mnunuzi wa samaki?" aliniuliza. "Samaki huyu hajaoza. Kanunue kwingine."

Nilicheka, lakini niliendelea kutazama. Weupe wa macho yake ulikuwa na vimishipa vya uzee na kivuli kidogo kwenye kona. Kile kivuli jana kilikuwepo? Nilimsogeza dirishani, nikamshika kidevu ili nimwone vizuri. Aliutoa mkono wangu polepole akaenda kuwasha jiko, na siku ile hakunitania tena. Jioni nilihesabu chakula chake kwa macho: amekula, hajala, amekula kidogo. Siku moja aliacha sahani katikati nikakosa usingizi, kumbe alikuwa amekula kwa jirani. Vidonge vilipungua kwenye pakiti kama inavyotakiwa. Kila kimoja kilichopungua nilikiona kikishuka kwenda kwenye ini lake, na ni mimi niliyempeleka zahanati kwa uongo wa kichwa kuwasha. Akipatwa na jambo, nani mwingine wa kulaumiwa?

Na ukucha haukubadilika. Shinani, pale ulipotakiwa kuota msafi, ulibaki na umanjano wake. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Anahatarisha ini lake, na hata faida haionekani.

Pacha wale walikuwa wamemeza dawa yao vizuri, pamoja na maziwa, kama walivyoagizwa. Vile viduara vikaanza kuota vinyweleo. Shule ikapanga siku ya kupiga picha ya darasa, na Jumamosi kabla ya siku hiyo mama yao akawaleta saluni. Mama Pacha ni mwanamke wa sauti. Ukimsikia anasalimia utadhani anagomba.

"Mama Mistari! Nifanyie hawa wapendeze, maana kwenye picha ya mwaka jana walitoka kama wameponea ajali."

"Kaa, mama. Leo watatoka kama mabibi harusi."

Nilikuwa nyuma ya pazia naosha vitana. Shangazi alisema, "Kobe, niletee yale mafuta mapya." Kopo lilikuwa kwenye rafu ya jikoni, na nilipolichukua, mfuniko ukateleza na kidole changu kikazama ndani. Mafuta yalikuwa na chembe. Nikayasugua kati ya vidole: kama mchanga mwororo, mweupe. Pale kopo lilipokuwa limekaa kulikuwa na kijiko na kinu kidogo cha viungo, na kinuni mmebaki nusu ya kidonge. Nilikijua. Kilikuwa na mkato ule ule wa katikati niliouona kila jioni kwenye pakiti.

Nilisimama pale na kopo mkononi. Kwanza nilihisi furaha, na naona haya kuisema: ini lake halikuguswa. Wiki zote zile nimeogopea macho ya mtu asiyemeza chochote. Kisha nikakumbuka ukucha ambao haukutibiwa kamwe, na pacha waliokuwa upande wa pili wa pazia.

"Kobe! Umeenda kuyakamua?"

Nilitoka. Mama Pacha alikuwa anasifu, "Hayo mafuta hayo! Mba yangu imekimbia. Unatia nini humo?"

"Siri ya jikoni," Shangazi akajibu, akiwa na raha ya kweli usoni. Nikamwelewa wakati ule ule. Hakuwa anamdhuru mtu kwa makusudi. Alikuwa amesaga dawa yake ili kila kichwa kinachopita mikononi mwake kipone kabla hakijaugua.

Pacha mdogo alikuwa ameshakaa kitini, taulo shingoni. Mama yake akamfunua kisogo. "Ila huyu yamemrudia kidogo, ona. Alipona kabisa, nikamleta kwako mara moja tu, wiki mbili zilizopita, sasa ona. Sijui anaokota wapi. Nadhani ni huko shuleni kwenu, Ticha. Watoto wanavalishana kofia nyie mnaimba tu."

Kiduara kipya, chekundu. Juu ya mstari.

"Hayo madogo," Shangazi alisema. "Nikipaka haya, kwisha." Akachovya kidole cha mwisho kwenye mafuta, akakiinua, ukucha mwekundu unang'aa, akaushusha kuelekea paji la uso la mtoto.

Niliushika mkono wake.

Niliukamata ule ukucha wote ndani ya ngumi yangu na sikuuachia.

"Haya, mnaagana?" Mama Pacha aliuliza.

"Kobe, niachie nifanye kazi," Shangazi alisema taratibu.

Nikatikisa kichwa.

"Una nini wewe leo?"

"Tumia kitana," nilinong'ona.

"Kitana ni cha wanafunzi," Shangazi akasema kwa sauti ya utani, ili mteja asikie. Lakini macho yake hayakutania. Yalinisihi. Mtoto akainamisha kichwa akisubiri, na kile kiduara kikanijia karibu kabisa na uso.

"Si kofia," nilimwambia Mama Pacha. "Shuleni hawavalishani kofia. Ni…" Sikuweza kumalizia, na nilijua nisipomalizia nitamwachia mtoto yule ugonjwa kwa mara ya pili.

Shangazi alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Mkono wake uliokuwa unavutana na wangu ukalegea.

"Ni ukucha wangu, mama," alisema. "Una fangasi. Nilipewa dawa ya kumeza, nikaisaga nikaitia kwenye mafuta. Nilidhani nawakinga."

Mama Pacha akalivuta taulo shingoni mwa mwanawe kwa mkono mmoja. "Kwa hiyo kichwa cha mwanangu ni ubao wako wa majaribio?"

"Nisamehe."

"Nilimmezesha dawa akilia! Nilimkimbiza na kijiko nyumba nzima! Halafu nakuletea mzima, unanirudishia mgonjwa?"

"Nisamehe, mama."

Aliwakusanya watoto, mmoja amechanwa na mwingine bado. Nilitegemea ataufunga mlango kwa kishindo, na mtaa mzima utasikia kabla ya chakula cha mchana. Alifika kizingitini, akasimama, akavuta pumzi.

"Meza dawa, Mama Mistari," alisema, bado ana hasira. "Nani atanisukia hawa? Yule wa kule mwisho anachora mistari kama njia ya mlevi." Akaondoka.

Shangazi alikaa kwenye kiti alichokikalia mtoto. Nikaogopa kumgusa. Nilimwaga mafuta yote, nikasugua kinu, nikasugua vitana ambavyo nilishavisugua. Aliponiita nilikuja na mkasi, na yeye akaunyoosha mkono bila kuambiwa. Ukucha ulikatika kirahisi mno. Ulikuwa unga mtupu ndani ya rangi.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Najua, Shangazi."

"Hukusema hata neno moja lililokamilika, na umenivua nguo."

"Najua."

Nilileta pakiti, ambayo bado ilikuwa na vidonge vichache, na bilauri ya maji. "Jumatatu tutarudi kwa tabibu, tumweleze, akupime tena, uanze upya," nilisema. "Lakini kama unataka kuanza leo…" Nikaweka kidonge kimoja kwenye kiganja chake. Kilionekana kidogo sana kwenye mkono ule mpana.

Alikigeuzageuza kiganjani. Nje mtu alipita akitembeza maji, akapiga kelele, hatukumwitikia.

"Siiogopi dawa," Shangazi alisema.

Nikamsogezea bilauri.

"Baba yako nilikuwa namwambia leo afadhali. Haikuwa afadhali hata siku moja. Nilikuwa nayaona yale macho na bado namwambia afadhali, na yeye alikuwa anajua kwamba namdanganya, ananiitikia tu ili nisilie." Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu mdogo zaidi. "Halafu asubuhi ile ukanishika kidevu pale dirishani. Kobe, mimi naogopa wewe uje uniangalie macho kama nilivyomwangalia yeye. Naogopa uje uniambie leo afadhali."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, pale ambapo kwa kawaida huwa ananitengeneza nywele, ila safari hii nilikuwa nimemgeukia.

"Sitakwambia hivyo," nilisema. "Nitakutazama kila asubuhi. Yakiwa meupe nitasema meupe. Yakiwa manjano nitasema manjano, na nitakubeba mgongoni mpaka zahanati."

"Wewe? Wewe usiyeweza hata kumwambia mtu kwamba hujui njia?"

"Mimi." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Sina mtu mwingine, Shangazi. Sitaki kubaki bila wewe. Meza."